Kituo Chenye Miguu

Kibao cha kituo cha Kiwandani kilipohama mara ya kwanza, watu wa Wakala wa Usafiri wa Jimbo walisema ni upepo. Kilipohama tena, wakasingizia lori. Baada ya hapo hawakuwa na cha kusingizia, maana kibao kilikutwa kimepanda mlima, kimevuka barabara, na kimesimama wima mbele ya lango la zahanati, uso wake umeelekezwa kwenye magari kama inavyotakiwa.

Na kibao chenyewe hakikuwa kitu cha kubebwa kwapani. Kilikuwa bati la kijani juu ya nguzo ya chuma, na chini nguzo ilizamishwa ndani ya tairi kuukuu lililojazwa zege. Nguzo za kudumu, zile za kufukiwa ardhini, zilikuwa zinasubiri kibali, na zilikuwa zimesubiri hadi matairi yakaanza kuota nyasi pembeni.

Mkurugenzi wa Huduma aliita kikao. Alikuwa mtu nadhifu, wa kupiga pasi hata leso, na jambo lile lilimkera kuliko lilivyoweza kumkera mtu mwingine, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta kanuni mpya. Zamani mabasi ya Wakala yalisimama popote: kwa shangazi wa dereva, kwa mchumba wa kondakta, kwa muuza karanga aliyejua kutabasamu. Mkurugenzi alipoingia akafuta yote hayo kwa sentensi moja iliyobandikwa ndani ya kila basi: Kibao ndicho kituo. Penye kibao dereva atasimama, na pasipo kibao hatasimama hata akililiwa. Madereva walinung'unika, wakazoea. Mmoja aliipenda kanuni ile kwa moyo wake wote, akawa anaikariri hata akiwa hana abiria, hadi wenzake wakamwita Kanuni na Wakala ukatundika picha yake mapokezi.

Kwa hiyo kibao kilipohamia zahanati, basi nalo lilihamia zahanati. Halikuuliza.

"Nani anayechezea mali ya serikali?" aliuliza Mkurugenzi.

Kikao kizima kikatazama meza.

"Futi," alisema Mkurugenzi, "vituo ni vyako. Nataka mtu aliyefanya hivi."

Futi alikuwa mkaguzi wa vituo. Jina lile alipewa kwa ajili ya futi ya chuma aliyoining'iniza kiunoni siku zote, maana kazi yake ilikuwa kuzunguka mjini akipima kama vibao vimekaa umbali unaostahili kutoka ukingo wa barabara. Alikuwa mpole, mwenye kitambi cha wastani, na hakuwahi kumkamata mtu yeyote kwa kosa lolote. Aliitikia, akaandika kitu kwenye karatasi yake ili aonekane ameanza.

Kituo cha Kiwandani kilikuwa na historia fupi ya kuchekesha. Zamani kulikuwa na kiwanda cha viberiti pale bondeni, na wafanyakazi wake walijaza mabasi asubuhi na jioni. Kiwanda kilifungwa, wafanyakazi wakatawanyika, ukabaki ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu na mbwa mmoja aliyekuwa akilinda hewa. Kwenye ramani ya Wakala, hata hivyo, kiwanda kilikuwa bado kinafuka moshi. Aliyetaka kwenda zahanati, iliyojengwa baadaye juu mlimani, alishushwa kwa mbwa, kisha akapanda kwa miguu yake, awe na mimba, homa au magongo.

*

Jioni hiyo Futi aliwasimulia watu wa nyumbani kwake. Nyumbani palikuwa na mkewe, na mama mkwe wake aliyekuja kukaa nao kwa muda mfupi alipostaafu, na muda mfupi huo haukuwa umeisha. Mama huyo alikuwa msimamizi wa dobi katika hospitali kuu ya jimbo. Mikono yake ilikuwa imekamua mashuka ya wagonjwa kiasi kwamba akikupa mkono wa pole, unabaki na jambo lingine la kupewa pole.

"Kwa hiyo kinatembea chenyewe," alisema mama mkwe, akimwongezea Futi mchuzi.

"Hakiwezi kutembea chenyewe, mama. Kuna genge. Kile ni zege. Lazima wawe vijana, tena wenye nguvu, na gari."

"Vijana," alisema mama mkwe.

"Na gari."

"Siku hizi vijana wana nguvu kweli." Akasafisha koo. "Na wakikamatwa, hufanywa nini?"

"Faini, au wapelekwe mahakamani. Mkurugenzi amekasirika sana."

"Hata wakiwa watu wazima wenye heshima zao?"

"Mtu mzima mwenye heshima zake atabingirisha tairi la zege mlimani?"

"Hapo umenena," alisema mama mkwe. Mke wa Futi aliinuka ghafla akakimbilia jikoni, na huko jikoni akasikika akikohoa kwa muda mrefu.

"Amepaliwa," alisema mama mkwe. "Hebu niambie, mkwe. Utawavizia mchana au usiku?"

"Usiku nimemweka mlinzi wa Wakala. Mchana nani atathubutu?"

"Ni kweli. Mchana nani atathubutu."

Kesho yake kibao kilirudishwa bondeni kwa lori, na Futi akajificha katika kibanda cha kinyozi mkabala na ukuta wa kiwanda. Kinyozi huyo ndiye mfanyabiashara pekee aliyebaki mtaa ule, naye alibaki kwa ukaidi. Ili asishukiwe, Futi alikaa kitini kama mteja. Siku ya kwanza alikatwa nywele. Siku iliyofuata alinyolewa ndevu. Halafu vikaanza kuadimika vya kukata.

"Leo nikate nini?" aliuliza kinyozi.

"Paka povu tu, halafu usiwe na haraka."

Alikuwa na povu shavu moja, jingine limeshapitiwa na wembe, alipoona kwenye kioo watu watatu wamevaa vizibao vya kung'aa wakitandaza koni za barabarani kuzunguka kibao. Walifanya kazi bila pupa. Mmoja aliinua kiganja, na lori lililokuwa linashuka mlima likafunga breki kwa adabu. Kisha wawili wakainamisha nguzo, tairi likasimama kwa ukingo wake, wakaanza kulibingirisha taratibu kama pipa.

Futi alivuta pumzi ya faraja. "Makao makuu wametuma watu wa matengenezo," alisema. "Wangeniambia tu."

"Hao?" alisema kinyozi. "Hao huja kila mara. Ndio wanaokipeleka juu."

Futi aligeuka na kiti chake. "Mbona hukuniambia? Nilikuuliza siku ya kwanza kabisa."

"Uliniuliza kama nimeona wahalifu. Mimi sijaona wahalifu. Nimeona wafanyakazi wa Wakala."

Futi akatazama tena kioo. Yule aliyeinua kiganja alikuwa amegeuka, na mgongoni mwa kizibao chake kulikuwa na neno MKAGUZI. Kioo kililipindua neno lile lakini Futi alilijua kwa sababu kizibao kilikuwa chake. Kilikuwa na doa la wino pembeni, doa ambalo mama mkwe wake alikuwa amelipigania kwa sabuni kila wiki na kushindwa.

Alitoka nje na shuka la kinyozi shingoni na povu shavuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe." Mama mkwe hakushtuka hata chembe. "Afadhali umetokea. Shika hapo chini, leo limezidi uzito."

Futi alikuwa ameishi na mama huyo miaka ya kutosha, na mwili wake ulikuwa umezoea kumtii kabla akili haijaulizwa. Akainama, akashika. Aliposhtukia anachokifanya, tairi lilikuwa limeshaanza kupanda mlima, na ukiachia tairi la zege mlimani, litamfuata aliye nyuma yako.

Aliyekuwa nyuma yake ni shoga mkubwa wa mama mkwe, mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. "Sukuma," alimwambia Futi. "Usivute pumzi juu juu. Vuta ndani, toa, sukuma." Upande wa pili alikuwa mjane wa fundi saa, mwembamba, mguu mmoja umefungwa bandeji kuanzia kifundo hadi chini ya goti. Yeye alikuwa amepewa kazi ya kubeba koni.

Wakiwa katikati ya mlima, honi ndogo ya heshima ikalia. Basi la Wakala lilikuwa limewafikia. Lilipunguza mwendo, likaanza kuwafuata kwa hatua za kobe. Nyuma ya usukani alikaa Kanuni, uso umekaza kama ule wa kwenye picha ya mapokezi.

"Pita bwana," alisema Futi, akijaribu kuficha uso wake kwenye shuka.

"Nipite niende wapi?" alijibu Kanuni dirishani. "Kituo hiki hapa mbele yangu."

"Si unaona kinatembea?"

"Naona. Imeandikwa nisimame penye kibao. Haikuandikwa kibao kiwe kimetulia. Kikisimama, nami nitasimama."

Abiria walikuwa wametoa vichwa madirishani. Wengine walitoa ushauri, zaidi kushoto, zaidi kulia, angalieni shimo. Kijana mmoja alitaka kushuka asaidie, lakini Kanuni alikataa kufungua mlango kwa kuwa bado hawajafika kituoni. Ukafanyika msafara ambao mtaa ule haujawahi kuuona: koni mbele, mjane akichechemea nazo, kisha kituo, kisha basi lililojaa, na nyuma ya basi magari yote ya mchana ule, na hakuna hata dereva mmoja aliyethubutu kupiga kelele, kwa sababu palikuwa na watu wenye vizibao.

Walipofika zahanati, wakasimamisha nguzo. Mkunga akairekebisha kidogo. Kanuni akasogeza basi mpaka mlango ukawa sambamba na kibao, akafungua. Wakashuka mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa magongo, msichana aliyefunga taya kwa kitambaa. Mzee wa magongo alisimama mbele ya Futi.

"Mwanangu," alisema, "sikujua Wakala mnafanya kazi ngumu namna hii. Asanteni sana."

Futi hakujua aweke wapi mikono yake. Tangu aanze kazi ile, abiria walikuwa wamemlalamikia, wamemkejeli, na mmoja alimrushia kiatu. Kushukuriwa ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, na alishukuriwa akiwa na povu shavuni, akiiba kituo.

*

"Mama, hiki ni kibao cha serikali," alisema basi lilipoondoka.

"Ndiyo. Kimeandikwa juu."

"Mnaweza kufungwa."

"Tulikwenda ofisini kwenu kwanza," alisema mjane wa fundi saa. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara akikanda goti. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyezoea nyumba iliyojaa saa. "Nina kidonda hiki, mwanangu, hakitaki kupona. Nesi amesema nije kila mara nikisafishwe. Nikiupanda mlima huu, nikifika kidonda kimeshafunguka upya. Ndiyo tukaenda kuomba."

"Wakawaambia nini?"

"Tusubiri mapitio ya ramani," alisema mama mkwe. "Nikauliza yatafanyika lini. Yule binti wa mapokezi akasema baada ya mapitio yaliyotangulia kukamilika. Nikauliza yamefikia wapi. Akasema hayajaanza."

Futi alilifahamu jibu lile. Lilikuwa zuri, lilitumika sana.

"Na vizibao? Mmevaa vya kwangu vya zamani vyote."

"Sikiliza, mkwe. Pale hospitali, siku moja mfagiaji alipitiwa, akavaa koti jeupe nililokuwa nimetoka kulifua. Kabla hajafika mwisho wa wodi, wagonjwa walikuwa wamemweleza maradhi yao, na mmoja alipata nafuu. Watu hawatazami mtu, wanatazama nguo. Ningekuja hapa na gauni langu, polisi wa trafiki wa barabara hii angenikamata. Nimekuja na kizibao chako, amenisimamishia magari."

"Polisi amewasimamishia magari?"

"Mara mbili. Kijana mwenye adabu sana."

Futi alijaribu kukirudisha kibao peke yake. Alikiinamisha kidogo tu, kiuno kikamwambia ukweli, akakiacha. Nyumbani alimkabili mkewe.

"Ulikuwa unajua?"

"Nani unadhani alivipunguza vile vizibao? Cha mkunga kilikuwa kinaburura chini." Kisha akacheka, kile kicheko alichokuwa amekificha jikoni siku zote hizo, akacheka hadi akakaa sakafuni, na Futi, aliyekuwa amepanga kukasirika, alijikuta amekosa mahali pa kuanzia.

Ofisini alisema uchunguzi unaendelea. Kila lori lilipokirudisha kibao bondeni, kibao kilipanda tena. Mkurugenzi alianza kukonda. Hatimaye akaja na dawa: kituo cha Kiwandani kitakuwa cha kwanza kupata nguzo ya kudumu, ifukiwe ardhini kwa zege, na Katibu Mkuu wa wizara atakuja kukizindua mwenyewe, akiwa amepanda basi kama mwananchi wa kawaida. Basi litaendeshwa na Kanuni.

"Ikishafukiwa," alisema Mkurugenzi, akisugua viganja, "nitaona miguu yake."

*

Siku ya uzinduzi, ukuta wa kiwanda ulipakwa chokaa na mbwa akapelekwa kwa jirani. Kulikuwa na mahema, viti vyenye vitambaa, bendi ya tarumbeta, na shimo lililochimbwa vizuri. Kibao kilikuwa kimeng'olewa kwenye tairi lake alfajiri, kikapakwa rangi mpya ya kijani, kikaegemezwa ukutani nyuma ya mahema kikauke. Mkurugenzi alimweka Futi akilinde.

"Usikiache hata kidogo," alimwambia. "Katibu Mkuu akishuka, wewe ndiye utakileta shimoni. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mkurugenzi."

Kwa hiyo Futi alikuwa peke yake nyuma ya mahema, na bendi ilikuwa inajaribu midomo ya tarumbeta upande wa pili, mama mkwe wake na mkunga walipotokea kwenye kona ya ukuta, wamemshika mikono mjane wa fundi saa. Walikuwa na vizibao. Lakini hawakuwa wanacheka.

"Hatujaja kuiba," alisema mama mkwe. "Tumesikia leo mnakifukia. Tumekuja kukitazama tu."

Mjane aliomba kukaa. Hapakuwa na kiti, akakaa juu ya tairi tupu. Basi la kwanza, kabla kibao hakijang'olewa, lilikuwa limemshusha pale pale bondeni, naye alikuwa amejaribu kupanda, akaishia njiani, akarudi. Bandeji ilikuwa imelowa na kugeuka rangi. Alivuta gauni lake aifunike, kama mtu anayeona aibu kukutwa na nyumba chafu.

"Samahani, mwanangu," alimwambia Futi. "Nitapumzika kidogo, halafu nitaondoka. Nisikuharibie shughuli."

Futi alimtazama, kisha akatazama kibao. Bila tairi, kilikuwa chepesi. Hata mtu mmoja angeweza kukibeba, wawili wangekwenda nacho wakizungumza. Alifikiria mshahara wake. Alimfikiria Mkurugenzi na leso zake. Halafu akalamba midomo.

"Mama," alisema, "nimeshikwa na kiu."

Mama mkwe alimtazama.

"Nakwenda kutafuta maji. Na hapa maji yako mbali." Akapiga hatua, akasimama, akasema bila kugeuka, "Rangi haijakauka. Msishike juu."

Alizunguka mahema mawili matatu, akanywa maji, akanywa mengine, akamsalimia mpiga ngoma, akauliza habari za watoto wake wote mmoja mmoja. Aliporudi, ukutani palikuwa na mchirizi wa kijani tu. Mjane naye hayupo. Baadaye alisikia kwamba yule polisi wa trafiki alimpandisha mlima kwa pikipiki yake, akimwita mama wa Wakala.

Basi lilionekana mwisho wa barabara. Mkurugenzi alivuta koti lake. Bendi ikainua tarumbeta. Kanuni alikuja kwa mwendo uliopimwa, akafika mbele ya mahema, akatafuta kwa macho kushoto na kulia. Hakuona kibao. Akapita.

Mkurugenzi alibaki ameinua mkono wa kusalimia. Kupitia dirishani, Katibu Mkuu, mwanamke mwenye kilemba cha buluu, aliwapungia kwa furaha, akidhani bendi ile ni ya kusindikiza tu.

"Simamisha," alipiga kelele Mkurugenzi. Lakini kelele hizo ndizo hasa Kanuni alizofundishwa kutozijali.

Mbele ya zahanati, wanawake wawili wenye vizibao walikuwa wameishika nguzo wima, mmoja kila upande, viganja vyao vya kijani. Kanuni akasogeza mlango sambamba, akafungua. Katibu Mkuu akashuka. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walipiga makofi, kwa sababu mtu akivaa vizuri namna ile akashuka kwenye basi, kupiga makofi ndiyo adabu. Wakatazamana. Katibu Mkuu alisubiri utepe. Hapakuwa na utepe.

Nesi mmoja aliingia ndani mbio, akarudi na mviringo wa bandeji mpya na mkasi wa kukatia nyuzi. Mkunga akashika ncha moja, mama mkwe wa Futi akashika nyingine.

"Karibu, mheshimiwa," alisema mama mkwe. "Hiki ndicho kituo chetu."

Katibu Mkuu akakata. Kisha akaweka mkono juu ya kibao ili apigwe picha, akautoa ukiwa kijani, akacheka mwenyewe.

Mkurugenzi alifika akitweta, viatu vimejaa vumbi, na nyuma yake bendi nzima iliyokuwa imeambiwa imfuate na haikuambiwa iache kupiga. Futi alikuwa wa mwisho kabisa.

"Nakupongeza sana," Katibu Mkuu alimwambia Mkurugenzi. "Ramani niliyoletewa inaonyesha kituo kiko kule chini ukutani. Nilikuwa njiani najiuliza, nani anashuka pale, na kufanya nini? Kumbe mmekileta kwa wagonjwa. Mlijuaje?"

Mkurugenzi alimtazama Futi, akawatazama wanawake wawili wenye viganja vya kijani, akamtazama mjane aliyekuwa ameshaingizwa ndani na mguu wake umeinuliwa juu ya kiti, unaonekana mlangoni.

"Tunasikiliza wananchi, mheshimiwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

*

Alimwita Futi ofisini mchana ule ule.

"Ni nani?"

"Nikikutajia, Mkurugenzi, itabidi umwambie Katibu Mkuu kwamba alikata bandeji kwenye kibao cha wizi. Na picha zimeshapigwa."

Mkurugenzi alitoa leso, akaikunjua, akaikunja tena kwa kufuata mikunjo ile ile. "Wewe ulikuwa unakilinda."

"Nilishikwa na kiu."

Mkurugenzi akarudisha leso mfukoni, akasema kwamba uchunguzi umefungwa, kwamba shimo la bondeni lifukiwe leo hii, na kwamba kuanzia wiki ijayo Futi si mkaguzi wa vituo tena. Atakuwa mpokeaji wa maombi ya abiria, katika chumba kilicho chini ya ngazi, kile kinachowekwa mifagio. Alikusudia iwe adhabu. Futi alisema asante, na alipofika mlangoni Mkurugenzi alimwita tena.

"Yule mama wa kijani upande wa kushoto," alisema, bila kuinua macho. "Nimeona kizibao chake. Mwambie mwaka huu vizibao vipya havitatoka. Avitunze."

Ile ngazi ilikuwa ikilia juu ya kichwa chake kila mtu alipopanda, lakini chumba hakikuwa kibaya. Maombi yalikuja. Mengine aliweza kuyapeleka mbele, na mengi hakuweza. Aliona kwamba ukimweleza mtu waziwazi kuwa haitawezekana, hukasirika kidogo kuliko ukimwambia asubiri.

Jumapili moja alimkuta mama mkwe wake uani, akisugua kucha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Rangi ya kijani ilikuwa imegoma kutoka pembezoni. Akaketi karibu naye kwenye kigoda.

"Mama, siku ile, Katibu Mkuu alipokuwa anashuka. Hukuogopa?"

"Nani aliyekuambia sikuogopa?" Aliendelea kusugua. "Miguu ilikuwa inacheza ndani ya gauni. Nilijua nikiiachia ile nguzo, naanguka mimi kabla yake. Mkunga naye alikuwa anatetemeka upande wa pili, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayetikisa."

Futi alimpokonya kitambaa taratibu, akaushika mkono ule mzito, akaanza kumsugua kucha.